Mapigo Arobaini na Moja

Kwenye ukuta wa nje wa Hospitali ya Makwege, kushoto kwa mlango wa dharura, palikuwa na misumari kumi na minne. Ilipigwa kwa safu moja, juu kidogo ya kichwa changu, na chini ya kila msumari rangi ilikuwa imechunika kwa kusuguliwa na kitu chepesi kinachoning'inia. Niliihesabu mara mbili. Profesa Rwekaza alikuwa ameshafika mlangoni, akageuka.

"Bi Sikitu, unatafuta nini huko? Wenyeji wanatusubiri."

"Natazama ukuta, Profesa."

"Ukuta haumo kwenye fomu," akasema, akacheka peke yake.

Rwekaza alikuwa mwenyekiti wa timu ya mapitio, daktari bingwa, mtu wa kuvaa tai hata jua likichoma namna gani. Mimi nilikuwa mjumbe wa pili na wa mwisho, mwakilishi wa wagonjwa. Udaktari sikuusomea popote. Nilisukuma machela miaka ishirini na sita, nikajifunza kusoma chati kwa kuzibeba pamoja na wenyewe, na vitabu nilivisoma vile vilivyotupwa stoo vikiwa na kurasa zilizoliwa na panya. Lakini aliyesukuma machela anajua msumari wa kimo kile ni wa kutundikia nini. Ni wa dripu.

Na dripu hutundikwa ndani, kwenye kitanda. Huku nje walikuwa wanamtundikia nani?

Nikavuka mstari wa njano nikaingia. Sakafu ikatoa mlio mfupi, ikasoma kitambulisho changu, ikaona mimi si mgonjwa, ikaniacha.

Mstari ule upo kwenye kila hospitali inayofundisha mabingwa wa dharura. Mgonjwa akiuvuka, sakafu inampa namba, faili linafunguka, na kuanzia hapo lolote litakalompata liko shingoni mwa programu. Madaktari wanaosomea ubingwa, wanagenzi tunavyowaita, wanafanya kazi wamevaa glavu za ushahidi. Mwisho wa mwaka Baraza la Ithibati linatuma watu wawili. Katika kila wagonjwa mia waliovuka mstari, vifo vikizidi tisa, programu inapoteza ithibati saa ileile. Hakuna miezi sita ya kujirekebisha, wala rufaa.

Sheria hiyo ni yetu sisi wabeba machela. Mimi ndiye niliyesimama juu ya ndoo mbele ya jengo la Baraza nikilishika bango. Nalisema mapema, asije mtu akalisema kwa niaba yangu.

Maana nakumbuka mapitio ya zamani yalivyokuwa. Wakaguzi wakitangazwa kuja Jumatano, Jumanne jioni lori linaingia na mashine za kupumulia zilizoazimwa hospitali nyingine, zikiwa na stika za wenyewe. Tunabandua stika. Jumatano wakaguzi wanapita, wanagusa mashine, wanasifu, wanakula mbuzi, wanapewa vitenge vya wake zao. Jumatano jioni tunazirudisha kwenye lori. Mashine ya mwisho niliyoibeba niliitoa ubavuni mwa mwanamke aliyekuwa bado anaihitaji. Anaitwa Ndalu. Alikuwa na watoto watatu na kidonda cha jembe mguuni. Niliambiwa, "Sikitu, lori linaondoka," nikabeba. Kwa hiyo tulipoandamana, tulidai mambo mawili. Vifo vihesabiwe. Na kisiguswe kitu chochote cha dharura bila glavu ya ushahidi. Tulipata yote mawili.

*

Mkuu wa programu, Dk. Ntandu, alitupokea kwa chai na mihogo ya kuchemsha. Mtu mrefu, mkavu, mwenye macho ya asiyelala. Programu ile aliijenga mwenyewe toka chumba kimoja chenye paa linalovuja. Sasa alikuwa na wanagenzi kumi na wawili, na kutoka pale hadi jijini, kilomita mia mbili na themanini za lami na mashimo, hapakuwa na mahali pengine pa kumpeleka mtu anayekufa.

"Waliovuka mstari, elfu moja mia mbili," akasema. "Waliofariki, mia moja na mmoja. Nane pointi nne."

"Hongera," Rwekaza akasema. "Kwa barabara kama hii, hongera sana."

"Na waliofika maiti?" nikauliza.

Ntandu akaweka kikombe chini polepole. "Hamsini na wanane. Wapo kwenye daftari la getini. Hawahusiani na programu."

"Mwaka juzi walikuwa wangapi?"

"Sikumbuki, Bi Sikitu."

"Kumi na tisa. Mimi nakumbuka."

Rwekaza akanikata jicho. Anajua nikianza hivyo siishii mapema.

*

Chumba cha mapitio kilikuwa stoo ya magodoro. Waliweka meza, kiti, na glavu ya mapitio ndani ya sanduku lake.

Kwa asiyewahi kuivaa, ni nyepesi kama ganda la kitunguu. Ya daktari inanasa kila anachogusa, mgandamizo wake, joto lake, hata mtetemo wa kidole, mara elfu kwa sekunde. Hii yangu inarudisha. Alichogusa daktari mwezi wa pili, mimi nakigusa leo, kwa mkono wangu. Tulilidai hilo pia, kwamba mkono wa raia ndio uvae, kwa sababu daktari atakuzungusha kwa maneno na wewe huna maneno ya kumjibu, ila ukishika tumbo lililokazana umelishika.

Nikapitia wagonjwa thelathini waliopangwa. Kazi safi. Nilihisi sindano ikiingia kwenye mshipa wa mtoto bila kusitasita. Nilihisi mbavu zikisukumwa kwa kina kilekile mara mia moja na kumi kwa dakika. Halafu nikamwambia mtunza mashine, binti wa watu aliyekuwa anapiga miayo, "Nifungulie miguso isiyo na mgonjwa."

"Hiyo haikaguliwi, mama. Ni mambo yao binafsi. Kusalimiana, kula, kujikuna."

"Basi nitajikuna nao. Fungua."

Miguso isiyo na mgonjwa ni ile inayonaswa daktari akiwa amevaa glavu huku sakafu haijampa mtu namba. Ilikuwa lundo. Nikashika chapati ya moto. Nikafunga kamba za viatu. Nikapeana mikono na watu nisiowajua, mmoja kiganja chake kimejaa sugu. Nikabofya simu. Nikakaa saa nzima hivyo, mgongo unaniuma, nikaanza kujiona mjinga.

Kisha nikashika kifundo cha mkono wa mtu. Cha baridi, kimelowa. Vidole viwili vikatafuta, vikapata. Mapigo membamba, ya haraka, yanayokimbia. Nikayahesabu bila kutaka. Yalikuwa kumi. Baada ya pigo la kumi nikahisi glavu inavuliwa kuanzia kwenye kifundo, inapinduka, vidole vinachomoka kimoja kimoja, na mkono wangu ukabaki mtupu mezani.

"Mama, vipi?" binti akauliza. "Umekuwa mweupe."

"Tafuta mingine inayofanana na huu. Mapigo kumi, halafu glavu inavuliwa."

Mashine ikatafuta kwenye miguso ya mwaka huo. Ikaleta arobaini na moja. Yote ya mkono mmoja, wa mwanagenzi wa mwaka wa tatu, Dk. Chausiku Malale. Nikaagiza daftari la getini. Nikalinganisha saa kwa saa na wale hamsini na wanane waliofika maiti. Kumi na saba walikuwa maiti kweli. Arobaini na moja niliwashika wakiwa hai.

*

Chausiku aliingia akiwa na viatu vya mpira na uchovu wa mtu aliyefikisha saa ishirini kazini. Mwembamba, nywele amezifunga kwa bandeji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa kwenye godoro, kiti ni kimoja. Unajua nimekuitia nini?"

"Natumaini najua."

Nikamwekea glavu mezani. "Mbona kumi?"

"Yakiwa mawili matatu watasema ni mkono wangu uliotetemeka. Kumi hakuna wa kubisha."

"Uliyaacha makusudi."

"Wenzangu wanavua kabla ya kushika. Mimi nilikuwa nachelewa kuvua, na kila aliyepozwa nilikwenda kumshika, hata zamu isiyo yangu." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Mwaka jana ulikaa hapohapo, mama. Ulishika kazi yangu ya ndani ya mstari, ukaniambia, 'Una mkono mzuri, mwanangu.' Wakati huo nilikuwa nimeshaacha watu tisa kwenye lile lundo. Ukapanda gari ukaondoka."

Mwaka jana tulishushwa mlango wa utawala, sikuuona ukuta. Lakini hiyo ni sababu ya mkaguzi, nami nimezisikia nyingi za namna hiyo.

"Nieleze mnafanyaje."

"Tunaita kupoza. Gari likija na mtu mahututi, mwandamizi anatoka kumwangalia. Akimwona ni wa kufa, anasema, 'Mpoze kwanza.' Tunamlaza barazani. Tunamtundikia dripu, tunabana jeraha, tunampa hewa ya mtungi. Akikaza, tunamvusha. Akilegea..." Akaonyesha mkono unavyovuliwa glavu. "Mlinzi anaandika maiti."

"Nani alianzisha?"

"Nilikuta. Hakuna aliyeniambia ni agizo. Siku ya kwanza nilimvusha mtu moja kwa moja, akafa kwenye meza. Mwandamizi wangu hakunigombeza. Alinionyesha tu namba ukutani. Ilikuwa nane pointi nane. Akasema, 'Bado wawili wa namna hiyo, Chausi, sote tunarudi kwetu kulima.'"

"Kati ya hawa arobaini na moja, wangapi wangepona kama mngewaingiza?"

Hakufikiri hata kidogo. "Kumi na wawili. Walihitaji damu na kisu, na vyote viko ndani. Nikutajie majina?"

"Nitajie."

Akayataja. Nami nikayaweka pale ninapoweka majina.

*

Ofisini kwa Ntandu hatukukaa. Rwekaza alisimama dirishani, mimi mlangoni, Ntandu kaegemea kabati. Hakukana hata kimoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu wa kukana, nikajikuta nimekunja ngumi bure.

"Nikuulize, Bi Sikitu," akasema. "Tisa mliitoa wapi?"

"Hospitali kubwa ya jijini ilikuwa inapata tisa. Tulisema wakiweza wao, wote wataweza."

"Jijini mgonjwa anatoka mtaa wa pili. Wa kwangu amekaa saa nne juu ya gunia la mkaa. Nikiwaingiza wote napata kumi na moja pointi nne. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko wewe. Kabla ya programu hii, mia wakiumia kwenye barabara hii, hamsini na kitu wanakufa. Kumi na moja, mama! Kumi na moja ni muujiza! Ila bango lenu liliandikwa tisa."

"Ungekuja Barazani ukasema."

"Nilikuja. Nimeandika barua tatu. Ya mwisho ilijibiwa na ofisi ya mwakilishi wa wagonjwa." Akafungua droo, akanipa. Niliujua mwandiko wangu kabla ya kusoma. *Visingizio vya umbali tumevisikia tangu enzi za mbuzi na vitenge. Tisa ni tisa.*

Nakumbuka mengi. Barua ile niliisahau.

Rwekaza akakohoa. "Tutazame mbele. Baraza zima linakaa baada ya miezi saba. Naahidi nitaleta hoja ya kubadili kiwango, vijijini kiwe kumi na tatu. Leo tunathibitisha nane pointi nne. Bi Sikitu anaweka dole gumba lake, programu inaishi, misumari inang'olewa. Miezi saba si mingi."

"Ni watu wangapi, miezi saba?" nikamuuliza Ntandu.

"Wa kupozwa? Ishirini na watatu, ishirini na wanne. Wa kufa kwa sababu hiyo, saba." Alisema bila kutazama pembeni. "Na ukifunga leo, miezi saba hiyohiyo nitapoteza mia tatu barabarani. Chukua kalamu, nionyeshe nilipokosea."

Hakukosea. Hilo ndilo lililokuwa linanikaba. Miaka yangu yote nimepambana na watu waliokosea hesabu kwa makusudi, na huyu alikuwa anajua hesabu yake, na ilikuwa sahihi, na kila siku mtu mmoja kati ya wanafunzi wake alisimama barazani akachagua nani hana faida.

"Profesa," nikasema, "mimi hayo ya 'tutaleta hoja' nimeahidiwa mara sita. Ya kwanza nilikuwa bado na meno yote."

"Safari hii ni mimi ninayeahidi."

"Na walioniahidi zamani walikuwa nani? Mbuzi?"

"Usinitukane, Bi Sikitu. Sheria hii isiyo na pa kupumulia si yangu. Ninyi mlikataa busara ya wakaguzi. Mlisema busara ndiyo hongo. Mkasema mkono wa raia useme ndiyo au hapana, basi. Sasa sema."

Chausiku alikuwa amefika mlangoni nyuma yangu, hakuitwa. Ntandu akamwona. "Ingia, Malale. Mwambie. Unataka afunge?"

"Mimi nataka nisimpoze mtu tena, Daktari."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililonalo." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mwalimu, nikimaliza hapa mwezi wa sita mtanipa cheti cha ubingwa. Ubingwa wa nini? Nina miaka mitatu ya kujifunza kumtazama mtu nikajua atanipunguzia namba. Hicho ndicho ninachokijua vizuri zaidi. Nikienda kwingine nitakwenda nacho, nitafundisha wengine nacho."

Ntandu akafumba macho.

Ningeweza kusema nilipima. Watu hupenda kusikia mtu alipima. Ukweli ni kwamba nilimwona Ndalu, nikasikia "lori linaondoka," na nikajua nikiweka dole pale nitakuwa nimebeba mashine ile mara ya pili. Ilikuwa hasira, na woga wa kuwa kama wao. Kwa hesabu ya Ntandu, woga wangu ulikuwa na bei ya watu mia tatu. Nililijua hilo wakati nainua mkono.

"Wapeni namba wote arobaini na moja," nikasema. "Waandikwe walivuka."

Mashine iliyokuwa mezani kwa Ntandu ikawapa namba. Kumi na moja pointi nne. Ikaniuliza kama mkono wa raia unathibitisha. Nikaweka dole. Ilikuwa saa nane na nusu mchana.

*

Hakuna kengele iliyolia. Taa ndogo za kijani kwenye glavu za wanagenzi zilizimika, moja baada ya nyingine, kama watu wanavyokaa chini. Friji ya damu ikajifunga. Makabati ya dawa yakajifunga. Mashine ya usingizi ikaandika kwamba haimtambui mtumiaji. Mle ndani kila kitu kinawaka kwa glavu yenye ithibati, maana ndivyo tulivyodai, kisiguswe kitu bila shahidi. Wagonjwa waliokuwa vitandani walihamishiwa wodi za kawaida. Wanagenzi wakakaa barazani na glavu zao mapajani. Mmoja alilia. Mwingine, kijana mnene mwenye ndevu, akanitazama akasema, "Ahsante, bibi. Umetukomboa kweli," akatema mate.

Saa tisa na dakika kumi ikaingia pikapu ya kubebea kokoto, inapiga honi toka mbali. Nyuma alilala mwanaume juu ya mbao, na mwanamke kakishika kichwa chake.

"Kaanguka toka ghorofa ya pili!" dereva akapiga kelele. "Fundi wetu! Jamani tokeni!"

Chausiku alikuwa wa kwanza kuruka juu ya pikapu. Akaweka mikono mitupu tumboni kwa yule mtu. Lilikuwa limekaza kama ngoma.

"Bandama imepasuka," akasema. "Anavujia ndani. Daktari! Nahitaji damu, na upasuaji sasa hivi. Ndani ya dakika ishirini tutamwahi."

Ntandu alikuwa tayari anakimbia ndani. Nilimsikia akigonga friji, kwanza kwa mkono, halafu kwa kitu cha chuma. Friji za damu zimetengenezwa zisivunjike, kwa sababu zamani damu ilikuwa inaibwa. Alirudi kiganja kinamchuruzika. Akatikisa kichwa. Hakunitazama, na afadhali.

Mwanamke aliyeshika kichwa akatutazama mmoja mmoja. "Mbona mmesimama? Mimi ni dada yake. Anaitwa Mlekwa. Mlekwa Chilongani. Hamwandiki?"

Mlinzi akasogea, naye kachanganyikiwa. "Dada, dharura hapa imefungwa. Muende jijini."

"Imefungwa lini?"

"Leo. Sasa hivi hapa."

"Imefungwa na nani?"

Mimi nikapanda pikapu, na magoti yangu haya. "Na mimi," nikamwambia. "Dereva, ondoa gari."

Chausiku alichukua chupa mbili za maji ya dripu kwenye begi lake la mazoezi, zilizokwisha muda wake. Alizitoboa akaziminya kwa mikono. Mele, ndivyo dada mtu alivyoitwa, hakuwa na nguvu za kunichukia wakati ule, alikuwa anamwimbia kaka yake kitu kwa Kigogo, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetwanga. Mimi nilikamata kifundo cha mkono. Hakukuwa na glavu katikati. Niliyajua mapigo yale, nilikuwa nimeyashika arobaini na moja asubuhi ileile. Kilomita ya sitini yalikuwa bado yanakimbia. Kilomita ya themanini yakaanza kuruka.

"Mama, usimwachie," Chausiku akasema.

"Sijamwachia."

"Ukihisi yamepotea niambie."

Yalipotea kwenye kituo cha mizani ya malori, kilomita ya tisini na sita, saa kumi na nusu. Chausiku alimsukuma kifua mpaka dereva akasimamisha gari mwenyewe, na madereva wa malori wakaja kutuzunguka wakiwa na vikombe vya kahawa mikononi. Alisukuma dakika arobaini. Alipoacha, hakulia. Alikaa na miguu imening'inia nje ya bodi, akatazama viganja vyake.

"Huyu angepona," akasema.

"Najua."

"Wa kumi na tatu."

Mele akamfunika kaka yake uso kwa kanga. Kisha akanigeukia, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa pale. "Mama, nitahitaji karatasi. Kuna mke wake, kuna watu wa kazini. Waseme alikufaje. Wasije wakasema alikuwa mlevi."

"Utapata," nikamwambia, nikashuka kando kumpigia Rwekaza.

Nilimpa jina, saa, mahali. Nikasema alifika mlangoni Makwege akiwa hai, nimemshika mwenyewe.

"Pole sana," akasema, na nadhani alimaanisha. "Lakini Makwege haina programu, Bi Sikitu. Siwezi kumwandika kwenye programu isiyokuwepo."

"Mwandike jijini."

"Hakuvuka mstari wao."

"Basi mwandike barabarani, Profesa. Kilomita ya tisini na sita. Andika kituo cha mizani. Andika popote."

Nilisikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe. "Barabara haina fomu," akasema. "Hamkuidai."

Simu ikakatika, au nilikata mimi. Nilisimama pale malori yakipita juu ya mizani, kila moja linasomewa uzito wake kwenye ubao mkubwa, kilo kwa kilo, kwa taa nyekundu. Mele alikuwa ananisubiri, mkono mmoja juu ya kanga.

"Wameandika?" akaniuliza.

"Wameandika," nikamwambia.